Mrija wa Arobaini na Moja

Umeme umekatika saa nane na robo usiku.
Nimekumbatia sanduku la barafu kama mtoto mwenye homa,
mirija tisini na sita, kila mmoja na namba yake.
Jenereta ya jirani, hapa Nguba, inakohoa tu.

Katika wa arobaini na moja yumo Nsimire,
muuza sambaza wa Kadutu,
aliyeniuliza sindano ikiwa bado mkononi:
"Hii damu inakwenda wapi? Na faida ataila nani?"

La faida nililikwepa. Nikamweleza la damu:
Mama, ndani yako wamo mafundi cherehani.
Kila chembe huchukua majora uliyoachiwa na wazazi,
hukata kipande huku, kipande kule, huunga,
na penye mshono huongeza nyuzi za kubuni
hadi ipate kiganja chake peke yake,
cha kumshika mgeni ambaye hajabisha hodi bado.

Akacheka. "Kumbe sisi ni kina Nsimire wangapi?"

Tukafungua orodha kubwa ya vipokezi,
iliyoandikwa mbali, kwa damu za mbali.
Kwenye jora lake moja, orodha ilisema A.
Yeye alisema G.

Kosa la mashine, akasema Daktari Bisimwa.
Tukarudia. G.
Tukaazima petroli, tukarudia.
G, imekaa palepale,
kama mama sokoni aliyeambiwa ahame meza.

Leo asubuhi nilimletea majibu. Hakuyatazama.
Alikuwa anapekua daftari lake la madeni,
lenye mafuta ya samaki na magamba mawili.
Humo hakuna majina:
*Mwenye pengo. Koti la kijani.
Wa gereji, yule aliyelia.*
Miaka kumi na tisa, na hajampoteza mtu.

Mimi nimeandika: *Sampuli 41. Mwanamke. Aina haijulikani.*

Haijulikani kwa nani?
Mamaye alikuwa nayo alipovuka mwaka wa kipindupindu
na kuzika watu sita wa nyumba ileile.
Labda si herufi hiyo iliyomvusha. Sijui.
Sina safu ya kuandikia *labda*.

Friji imeguna. Umeme umerudi.
Nimemrudisha Nsimire kwenye baridi, polepole,
nikakumbuka nilichosoma kichwa chini
kwenye daftari lake, mstari wa mwisho:

*Mnyonya damu. Faranga elfu mbili.*