Daftari la Bwawa

Ruai, Julai. Kipimajoto nimekifunga kwa kamba ya kiatu
kwenye kigingi: digrii kumi na nane.
Naandika kumi na nane. Mkono haujasahau
miaka kumi na mmoja ya kiwanda cha magunia,
safu ya mapato, safu ya matumizi,
hadi kiwanda chenyewe kilipoingia safu ya pili
kikabaki huko.

Kiinua mgongo nilikitandika chini: turubai jeusi,
maji ya kisima, vifaranga elfu moja wa perege
waliofika wamefungwa kwa mifuko iliyovimba hewa.

Perege hana jiko mwilini.
Mimi nikila ugali, sehemu kubwa ni kuni tu,
huchomwa usiku damu isipoe.
Yeye joto huliazima kwa maji.
Maji yakipoa, tumbo lake hufunga duka,
na chakula cha leo hukikuta cha jana bado mezani.

Sikulijua hilo. Nilijua Desemba.
Nilijua bei ya samaki wa robo kilo, na deni la chama,
na Wambua wa pembejeo, kalamu sikioni:
"Ongeza, mama. Anayekula ndiye anayekua."
Nikaongeza. Omena ni ghali, nikajaza pumba za mahindi.
Asubuhi debe, jioni debe,
na ukungu umelala juu ya maji kama blanketi la hospitali.

Alfajiri moja nikawakuta wote juu,
midomo nje, wanatafuna hewa.
Kumbe kusaga chakula nako ni kazi,
na kazi hulipwa kwa oksijeni,
na kilichooza chini, kile nilichokiita ukarimu,
kilikuwa kinavuta pumzi kutoka mfuko uleule.
Thelathini na saba. Nilihesabu mara mbili,
mazoea ya mhasibu, jibu halikubadilika.

Mmoja nilimpasua kwenye karai.
Mnene, mzuri. Ndani, shahamu
imeyakumbatia matumbo, nyeupe kama sabuni ya kipande,
na ini limepauka.
Nyamoita wa idara ya uvuvi, buti zake zina tope la mabwawa mengine,
hakunigombeza. Alichutama.
"Wanga ni kuni," akasema, "protini ni matofali.
Umewamwagia kuni, matofali umeyahesabu kwa kidole.
Basi wamejenga ghala. Nyumba hawakujenga."

"Na kuni zikipungua?"

"Watachoma matofali yenyewe. Hapo utalia mara mbili:
umenunua ghali ukakokea moto,
na majivu yake hutokea kwenye matamvua,
ndiyo amonia hiyo unayoinusa."
Niliinusa. Choo cha shule, saa nane mchana.

Sasa nachanganya upya. Mashudu ya alizeti,
omena kiasi, na funza wa nzi weusi
waliofugwa kwa maganda ya viazi kutoka Marikiti.
Mji hula, hutupa; funza huokota;
samaki humwokota funza; mji hurudi na kapu
kuuliza, "Hawa wa leo?"
Nasubiri saa nne, jua likiwa limekaa vizuri,
narusha kiganja, nasimama, natazama.
Wakigombania, kiganja kingine.
Wakianza kuchagua kama wageni wa harusini, nafunga ndoo.

Kilicho kigumu ni siku za baridi kali.
Nilifunzwa sifuri kwenye safu ni aibu,
meneja huizungushia wino mwekundu.
Leo: digrii kumi na sita. Chakula: sifuri.
Naiandika polepole, duara lake nalifunga vizuri.
Chini ya ukungu wanajua kukaa,
hawapandi wala hawaombi,
kila mmoja anatumia kidogo alichonacho.

Ndani, mwanangu Ondari, miaka kumi na mitano,
anakwangua sufuria kwa mwiko.
Huyo ana jiko lake.