Karatasi Chini ya Bilauri

Oktoba, na malisho ya Cae Rhedyn yamelowa hadi mfupani.
Vijana wawili wameruka lango langu tena,
wameinama kama waliodondosha pete,
vidole vikichambua nyasi zilizokwisha kunyolewa na kondoo.

Najua wanachokitafuta.
Kofia ndogo, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi,
yenye kichuchu kileleni;
shina jembamba, limepindapinda kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta.
Haumei juu ya samadi, ingawa watu hushikilia hivyo.
Humea penye mizizi ya nyasi inayooza,
pasipolimwa tangu babu yangu auze plau lake.
Mvua ikinyesha kofia hung'aa; jua likichomoza hupauka,
na mjuzi wa saa nne huwa mjinga wa saa sita.

Sikuwafukuza. Niliwaita jikoni, buti mlangoni,
nikaumwaga mfuko wao wa mkate juu ya gazeti.
Arubaini na moja. Nilihesabu mara mbili.
"Mmechuma wapi?"
"Malishoni," alisema Tesni.
Macsen akazitazama soksi zake.
"Na kidogo kule kwenye misonobari."

Kule kwenye misonobari.
Kaka yangu Gethin alichuma kule mwaka wa mafuriko,
akala, akacheka, akasema hamna kitu,
akakamua ng'ombe wiki nzima.
Siku ya tisa figo zake zikafunga duka.
Miaka kumi na sita ya mashine,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
barabara ileile ya Bangor, kiti kilekile cha dirishani.

Nikakata vishina. Kofia mbili,
karatasi nyeupe mbili, bilauri juu ya kila moja.
"Sasa tulale," nikawaambia.
"Huyu hasemi jina lake mchana."

Walilala sebuleni pamoja na mbwa.
Alfajiri niliinua bilauri ya kwanza:
vumbi la zambarau, zambarau inayokaribia weusi,
kila mkunjo umejichora kama mwale.

Ya pili:
kutu.
Kutu tupu, kama bawaba za lango waliloliruka.

Hawakuniuliza neno.
Tesni aliiosha bilauri ile, akaiosha tena.
Macsen alisogeza kiti mbali na meza,
kidogo, kama mtu anayempisha mgonjwa.
Nikamimina chai. Hakuna aliyetia maziwa.

Ilikuwa Jumatano.
Nikatafuta funguo za gari.