Misalaba Mitatu

Matangani, Kamalondo, shangazi Kapya
alitaja ukoo hadi akamfikia Numbi, akakohoa,
akaomba munkoyo.

Nikangoja.

"Alinunuliwa," akasema, kwa sauti ya kuulizia chumvi.
"Misalaba mitatu ya shaba. Kisha akafungiwa kibandani
na mwanamume aliyechaguliwa kwa upana wa mgongo.
Hata lugha hawakusikilizana."

Akazaa tisa.
Bwana akapiga mafundo tisa kwenye kamba,
akauza saba.

Wa nane alikufa. Wa tisa ni Twite,
yule tunayemsifu kila harusi
kwa wingi wa uzao.

Ukutani kwetu upo msalaba wa shaba,
hupanguswa vumbi Jumamosi.
Usiku ule niliushusha, nikaupakata.
Uzito wake ni wa kichanga
kilichozaliwa kabla ya siku zake.