Mshono kwenye Mlango wa Kushoto

Bwana Grabiec, usinimiminie kahawa tena.
Hii ilikuwa ya tatu, na mkono wangu nauhitaji mkavu.

Gari nililileta Jumanne, saa mbili na robo asubuhi,
theluji ya Łódź haijakanyagwa bado uani kwenu.
Umri wake wiki saba. Kilomita mia tisa na kumi na mbili,
nazijua moja moja, kwani niliziendesha mimi:
sokoni, makaburini kwa marehemu Ryszard, nyumbani.
Nilikuja kubadilisha oili. Oili tu.

Jioni mkanirudishia limeoshwa, linameremeta,
kijikaratasi cha manukato kikining'inia kiooni
kama ua kwenye koti la bwana harusi aliyechelewa.
"Kila kitu sawa, Mama."

Sawa.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma,
mguu wangu ukaitafuta breki usiipate.
Redio niliyoiacha kwenye piano
ilikuwa ikipiga kelele za mpira.
Na kwenye dashibodi, mia tisa arobaini na nne.
Oili gani hiyo, Bwana Grabiec,
isiyobadilishwa mpaka ipelekwe matembezini?

Hayo ningeyameza. Nina miaka sitini na minane,
nimeshameza yenye miba kuliko hayo.
Ila usiku, gerejini, nilivua glavu
nikapitisha kidole mlangoni, kushoto, chini ya kitasa,
si kwa shaka, kwa mapenzi tu,
kama unavyokipapasa kitambaa kabla ya kukitia mkasi.

Kidole kikajikwaa.

Huoni kitu, najua. Hata mimi sioni.
Umeleta taa, umeleta miwani,
umemleta bwana wa bima na tai yake ya samawati,
mkainama nyote kama mnaosali,
mkainuka: hakuna mkwaruzo.
Nani kasema mkwaruzo?
Nimesema mshono.

Miaka thelathini na tisa nimeshona makoti,
kiwanda cha nyuma ya stesheni, mstari wa nne.
Mkaguzi wetu, Bi Leokadia, alikuwa akizima taa
anatuambia: haya, sasa litafuteni kosa.
Jicho huongopewa, alisema. Ngozi haiongopewi.
Basi naujua ukingo wa kitu kilichofunikwa.
Pale ulipobandikwa utepe, rangi mpya
imeipanda ya zamani kwa unene wa uzi wa hariri.
Mlifunika kombe mwanaharamu apite.
Bahati mbaya mwanaharamu ni mimi,
na sikupita.

Usimwangalie kijana. Ksawery, sivyo?
Nimeona kucha zake, zina kijivu cha gari langu.
Alitoka nalo, akateleza kwenye barafu, nguzo ikampokea;
akarudi kwako anatetemeka.
Kuteleza si kosa langu kulihukumu,
hata sindano ilishanitoboa na kulichafua koti la mtu.
Lakini aliyesema "paka rangi, nyamaza"
hakuwa yeye.

Mazulia ya bure sitaki.
Oili ya mwaka mzima, mpe mkeo.
Nataka karatasi yenye muhuri: tuligonga, tukaficha.
Na mlango mpya, usiokuwa na kiraka,
mbele ya macho yangu, hata kama ni siku tatu.
Kukaa najua. Nimekalia viti vigumu kuliko hiki
kwa ujira ambao wewe usingeokota njiani.

Wacha simu. Njoo huku uani, theluji haikuli.
Lete kidole. Hapana, vua pete kwanza.
Fumba macho.
Polepole, toka kwenye kitasa, shuka…

hapo.

Umeusikia?