Hatua Ishirini na Mbili

Saa nane za usiku, hospitali moja ya Hull, ghorofa ya tatu.
Nasukuma toroli lenye kompyuta na betri nzito,
gurudumu moja linalia kama mlango wa stoo,
nami nahesabu hatua: ishirini na mbili
toka meza ya wauguzi hadi kwenye lifti.
Hapo ndipo inapokufa.

Glenys wa zamu alinionyesha kwa kidole:
"Hapa. Kipimo cha moyo kinanyamaza sekunde saba.
Mgonjwa mzima, anaulizia chai,
skrini inasema hayupo."

Darini kuna sahani nyeupe, kila moja na kijitaa cha kijani,
kituo kimoja kila baada ya milango minne.
Vyote vinaitikia jina moja, nywila moja.
Kazi yao ni kupokezana. Hiki kikiambie kile:
anakuja mtu wako, mwandalie mahali,
ufunguo nimeshakupa, usimwulize tena yeye nani.

Kusema ni rahisi. Kifaa kina ukaidi wake.
Nakitazama kwenye grafu, mstari mwekundu ukiporomoka:
kimeng'ang'ania kituo cha mapokezi, kule chini,
ukuta baada ya ukuta, milango ya chuma,
ilhali juu yake, ukinyoosha mkono unagusa,
kipo kingine, kizima, kinakiita.
Nani alikifundisha? Usiache mbachao kwa msala upitao.
Kimeishika methali kuliko mimi.

Kuliko mimi? Hapana.
Mwaka wangu wa kwanza hapa nililala kwa saa za Musoma.
Nilijua bei ya dagaa kabla ya jina la jirani.
Mama alipiga kila jioni, nami nikatoka nje kwenye ngazi,
baridi ikiniuma hadi kwenye meno,
maana ndani sauti haikai.
"Mkami, unakatika."
"Mama, nawe unakatika."
Nusu ya mapenzi yetu ilikuwa hiyo.

Desmond, mkuu wangu, ameandika mara tatu: ongeza nguvu.
Lakini nguvu ndiyo ugonjwa.
Kituo cha mapokezi kinapaza sauti mno,
kinafika kisikotakiwa,
na kifaa kikisikia hata mnong'ono wake
hakigeuzi shingo.

Basi nafanya kinyume. Nashusha.
Desibeli tatu. Natembea. Bado.
Tatu nyingine. Gurudumu linalia,
mzee wa chumba cha tisa anakohoa, ananiapiza.
Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja,
mstari unayumba,
kama mtoto anapohamishwa mgongo hadi mgongo
(kuna punde hayuko kwa yeyote,
kanga imelegea, mikono minne hewani),
ishirini na mbili.
Kiko hai.

Glenys anakuja na vikombe viwili.
"Kumetokea nini?"
Hakuna, nasema. Hakuna kilichotokea.
Anacheka, hajui kwamba nimejibu sawasawa.
Ndani ya lifti bado kunakufa. Hilo nitaliandika kwenye ripoti,
nao watalisoma mwezi wa sita.

Siku hizi Mama hupiga Jumapili tu, tena kwa ufupi.
Nilinuna. Nikadhani uzee, nikadhani vocha,
nikatuma pesa ya vocha. Akaninunulia sufuria,
akaiweka kabatini, eti ya siku nitakayokuja kutembea.
Kutembea, alisema. Kama mgeni.
Dada yangu Nyangeta ndiye aliyenong'ona:
"Anafanya makusudi, wewe."

Kunapambazuka, rangi ya maji ya mchele.
Nazima kompyuta, navaa koti.
Mfukoni nasikia ufunguo, si wangu,
ni wa Bwana Hardcastle wa mlango wa kando,
amelazwa hapahapa, ghorofa ya kwanza, nyonga.
Hakuniuliza maswali, alinipa tu kiganjani.
Paka wake hali chakula kikilala.
Niende.