Pinde Kumi na Saba

Nimezihesabu tena. Kumi na saba.
Zimelazwa mlangoni pangu kama kuni za matanga,
kamba zimelegezwa, hazikukatwa.
Kukata kungekuwa hasira. Kulegeza ni adabu,
na adabu hiyo ndiyo inayonichoma.

Jana usiku, kwenye bani la tumbaku, njia ya Ipole,
nilipuliza filimbi.
Akaitika mbwa wa Malale.
Nikapuliza tena: mbwa yule yule.
Mara ya tatu mate yalikauka,
nikajikoholesha, ingawa nani alikuwa ananiona?

Mimi ndiye niliyewafundisha kusoma kwato vumbini,
kumjua ng'ombe aliyeswagwa na ng'ombe aliyepotea tu.
Kapela nilimfunga njuga miguuni kwa mikono hii.
Ni Kapela aliyetoka kwenye safu juzi,
akasema kama mtu anayeomba chumvi:
"Kamanda, huyu hatumpigi."

Huyu ni Nyanzala, mjane,
aliyemficha mwanawe mwizi uvunguni.
Nilisema viboko ishirini.
Nikarudia. Hapo ndipo nilipokosea:
mkubwa akirudia neno, watu wanaanza kulipima.
Safu ikanipa mgongo.
Shija wangu naye. Niliiona shingo yake,
na kola aliyoshonewa na mama yake Jumapili.

Basi nikatoa hukumu iliyobaki kinywani:
atengwe. Asipewe moto wala maji,
akifiwa asizikiwe.
Hakuna aliyebisha. Walisema, "Tumesikia,"
wakaondoka mmoja mmoja, njuga wamezishika zisilie.

Leo nimejua walichosikia.
Kibiriti hakijaonekana dukani tangu Machi.
Mke wangu alichukua kigae akaombe kaa la moto
kwa Mhoja, kwa Igulu, hadi kwa dada yake mwenyewe.
Kimerudi kama kilivyokwenda,
kina majivu ya jana.
Hakuniambia kitu. Alikikung'uta tu,
taratibu, pembeni mwa zile pinde.

Sasa amesimama uani.
Ng'ambo ya shamba la karanga moshi unapanda
kutoka jiko la Nyanzala, mweupe, mnene,
moto wa mtu aliyeletewa kuni na wengi.
Mke wangu anautazama.
Anainama, anaokota kigae,
anaikunja khanga kiunoni, anashika njia.

Nimefungua kinywa nimwamuru arudi.

Nimekifunga.
Amri ni moja imenibakia,
naogopa kuijaribu.