Milioni Kumi na Nne Nilizookoa

Zabuni zilikuwa mbili mezani, Newala,
chini ya feni inayozunguka kwa kusitasita:
moja milioni hamsini na mbili, moja thelathini na nane.
Pampu ni pampu, nikasema.
Nikatoa kwa kikokotoo, nikakigeuza wajumbe wasome
kumi na nne, na sifuri zake sita nyuma.
Waligonga meza. Mwenyekiti aliniita mlinzi wa mfuko wa umma,
na barua ya pongezi niliitia fremu.

Leo nimepanda Namkongera na fomu ya ukaguzi.
Swali la tisa: Je, thamani ya fedha imepatikana?
Ndiyo. Hapana. Weka alama ya vema.
Tangi limesimama, buluu yake haijapauka,
jiwe la uzinduzi limechongwa vizuri, hata jina langu limo.
Nikafungua bomba. Likakohoa,
likatoa buibui.

Somoe Likwata hakupoteza salamu.
Alinishika mkono wa shati akanipeleka uani,
kwenye ukuta wa udongo mwekundu:
mistari ya mkaa, mitano mitano, kama meno ya kitana.
"Hizi siku, tangu ife mara ya tatu. Sabini na moja.
Ndoo mbili kwa siku, mia tano mia tano,
mwenye pikipiki hapandishi maji toka bondeni kwa asante.
Kaya mia mbili na kumi na mbili.
Wewe ndiye msomi. Piga."

Nikapiga.
Nikafuta, nikapiga tena, polepole,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli.
Milioni kumi na tano, na elfu hamsini na mbili.

"Na shingo yangu hujaiweka," alisema, akipuliza moto
chini ya sufuria ya ming'oko.
"Wala korosho nilizouza kangomba,
zingali maua mtini, nipate ya ndoo.
Wala mtoto anayefika shule saa nne.
Hiyo fomu ina kisanduku chake?"

Haina.

Rahisi huvunja upishi, mama alikuwa akisema
sokoni, akiwapima dagaa kwa jicho,
na mimi nikadhani anasema dagaa.

Yule wa hamsini na mbili
aliandika ukurasa mzima: chumvi ya maji ya huku,
unene wa mabomba, vipuri vya miaka kumi,
vijana wawili wa kijiji wafundishwe kufungua na kufunga.
Sikuusoma. Nilikwenda moja kwa moja
kwenye ukurasa wa jumla.

Swali la tisa nimeacha visanduku vyote vitupu.
Pembeni nimeandika: Tazama ukuta wa Somoe.
Nikaona najificha nyuma ya ukuta wa mtu.
Nikaongeza: Aliyechagua ni mimi.

Akaniletea kikombe, kimejaa hadi mdomoni.
Jua lilikuwa kali, nami ni mgeni.
Nilikunywa chote kwa pumzi moja,
ndipo nikakumbuka bei.